Simu Mpya Inataka Mtu wa Kupigiwa

Jumatatu jioni, mtaani Section 58.

Asubuhi ilikuwa baridi ya kuvaa sweta mbili. Mchana upepo ukatujazia vumbi kwenye duka la vitambaa ninakofanya kazi hadi tukavifunika vile vyeupe, na sasa mawingu yamesimama upande wa mlima Menengai, hayanyeshi wala hayaondoki. Nimekula ugali uliobaki jana na sukuma. Nataka kuandika mambo ya jana kabla sijaanza kuyapamba.

Jana sikuenda kanisani. Nilishinda nyumbani na simu mpya.

Sikuwa na haja nayo, ile ya zamani ilinitosha. Lakini ilipasuka siku niliyoanguka sokoni. Habari za kuanguka sikuwahi kuziandika hapa kwa sababu hadi jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na ninyi wachache mnaosoma blogu hii nadhani bado ni watu.

Nilikuwa nimebeba viazi na vitunguu, jua kali, masikio yakaziba. Kufumbua macho, nimelala juu ya gunia tupu na mwanamke anayeuza omena ananipepea kwa kifuniko cha ndoo. Jamaa mmoja alikuwa ameishika simu yangu, kioo kimekuwa vipande.

"Mathe, simu yako imekufa. Tumpigie nani?"

Nikamtajia namba. Niliitaja yote bila kusita, maana ndiyo namba pekee ninayoijua kwa kichwa. Akapiga kwa simu yake, akasikiliza, akaniangalia kwa huruma.

"Mathe, huyu ni mteja, hapatikani. Kuna mwingine?"

Ilikuwa namba ya mama yangu. Tulimzika nyumbani Vihiga mwaka jana.

Nikamwambia niko sawa. Wakaninunulia soda, nikakaa hadi miguu ikarudi, nikaenda nyumbani polepole na viazi vyangu. Kesho yake kliniki wakasema ni presha, wakanipa vidonge. Dukani nikasema nilikuwa na homa. Sina mume, sina mtoto, na nalisema hilo bila kutafuta wa kunionea huruma. Siku nyingi maisha haya yananifaa: redio naifungua ninapotaka, kitanda nalala katikati. Lakini tangu siku ile ya gunia, swali la yule jamaa nalala nalo na kuamka nalo.

Kwa hiyo jana, simu mpya. Niliketi mezani na chai, miwani puani, nikaiweka kwa Kiswahili nione itakuwaje. Kiswahili chake ni cha watu waliosoma sana. Inaniambia nithibitishe, niidhinishe, niruhusu ufikiaji. Jana nimeidhinisha mambo mengi kuliko waziri.

Niliweka app ya hali ya hewa, ambayo ilinitangazia jua huku mvua ya rasharasha ikipiga mabati. Nikaweka ya kununua tokeni za stima, ya redio, ile ya kijani ya ujumbe, na ya kutuma pesa. Nikaweka pia ya kuhesabu hatua, ikanipongeza kwa kutoka kitandani hadi jikoni. Sikumbuki mara ya mwisho kupongezwa, kwa hiyo nikaenda jikoni tena.

Halafu nikaweka ya kukumbusha dawa. Nilipoijaribu, sauti ya mwanamke ikasema, "Ni wakati wa kumeza dawa yako." Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza kuzungumza nami ndani ya nyumba hii tangu Ijumaa. Nikaijibu, "Haya, asante."

Nilijiona mjinga. Nikanywa chai.

Namba zangu za zamani zilikuja zenyewe, sijui zilikuwa zimejificha wapi. Nikazipitia moja moja kuona kama zimefika salama. Fundi Bomba. Mama Maziwa. Gesi. Boda wa Kanisa. Sue Nywele. Askari Duka. Jirani Geti. Nilizidi kushuka, na kadiri nilivyoshuka ndivyo moyo ulivyokuwa mzito, kwa sababu niligundua kwamba simu yangu haina watu, ina kazi. Nikiondoa watu wa kunitengenezea, kuniletea, kunifungulia na kunisuka, wanabaki Ken, mdogo wangu aliye Doha, na bosi wangu.

Na Mama. Naye alikuja, pamoja na picha yake akiwa amefunga kitambaa cha zambarau.

Nilikuwa karibu kumaliza, ndipo simu ikaniletea ukurasa mwingine. Ilisema kwamba nikipatwa na tatizo, mtu yeyote ataweza kuona jina la mtu wangu wa dharura hata kama simu imefungwa. Nikajua hapa ndipo tulipokuwa tunakuja tangu asubuhi. Hii ndiyo sababu hasa ya kununua simu nzuri kuliko mfuko wangu. Tena ikajitolea kunisaidia. Iliangalia namba zangu, ikaona ipi niliyokuwa nikiipiga zaidi ya zote, ikapendekeza.

Mama.

Nililia kidogo. Nikafuta miwani kwa kanga, nikaanza kufikiria kama mtu mzima.

Ken ananipenda, lakini yuko mbali na simu huwa anaifungia kwenye kabati la kazini. Akiipata habari yangu nitakuwa nimeshapona au nimeshazikwa. Bosi wangu ni mtu mwema, na mke wake hunitumia chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vya dengu na karanga, kila sikukuu ya Diwali, ila sitaki mtu anayenilipa mshahara awe wa kwanza kuitwa nikiwa nimelala chini sketi imepanda. Wa kanisa, wataniombea vizuri sana, lakini mtu anatakiwa kuja na teksi.

Akabaki Jirani Geti.

Nyumba zetu ni za ploti, za kupanga kwenye ua mmoja, milango inatazamana, na geti ni moja. Wa mwisho kuingia ndiye hufunga kufuli. Ndiyo sababu mimi na jirani wa mlango wa pili, tunayepakana ukuta, tulipeana namba. Tangu ahamie hapa, miaka kadhaa sasa, mazungumzo yetu ya simu ni sentensi moja tu, "Nifungulie," na jibu lake, "Nakuja." Huitwa Mama Junior. Mwanawe Junior yuko shule ya boarding. Hutoka mapema kwenda kupika kwenye hoteli moja mjini, hurudi amechoka, tunasalimiana, kila mtu anavuta pazia lake. Lakini kila niliposema nifungulie, alikuja. Hata na mvua alikuja, na leso kichwani.

Nikaamua ni yeye. Simu ikauliza jina la kwanza na jina la mwisho.

Sikulijua hata moja.

Sasa, kila mtu hapa kwetu anajua dawa ya hilo. Unajifanya unamtumia mtu shilingi kumi, jina la mwenye namba linatokea, unalisoma, unaghairi. Kwa njia hiyo nimewajua mafundi na madalali, na mwanamume mmoja aliyeniambia anaitwa Brian na wala haitwi Brian. Nikafungua app mpya ya pesa, nikaweka namba ya Jirani Geti, nikaandika kumi. Jina likatokea, dogo, la herufi kubwa. Nikainama kulisoma.

WYCLIFFE WANJALA.

Wycliffe? Sijawahi kuona mwanamume akiingia nyumba ile. Nikashtuka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mgeni. Nikabonyeza haraka pale chini nilipozoea kughairi. Kumbe kwenye hii mpya hapo ndipo pa kukubali, na kidole changu nilikuwa nimekisajili asubuhi hiyo hiyo, badala ya namba ya siri, kwa fahari kubwa.

Kumi ikaenda kwa Wycliffe.

Nilitumaini labda hataona. Haikupita muda mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Junior, unga mikononi, simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, ameishika kwa vidole viwili isichafuke.

"Aunty, sasa. Pole kukusumbua Sunday. Kuna kumi bob imeingia hapa, ati imetoka kwa Rose Kageha. Nikafikiria ni wale wakora wa kutuma alafu wanalia urudishe. Lakini naona number ni yako. Wewe ndiyo Rose?"

"Ni mimi," nikasema.

"Kumbe! Mimi nimekusave Aunty Geti."

Ningeweza kumwambia kidole kiliteleza. Badala yake, sijui ni kwa sababu ya yale machozi ya mwanzo, nikamwambia ukweli: nilikuwa natafuta jina lake. Akaniangalia, akaangalia simu yake, akaelewa.

"Ukapata la Baba Junior."

Nikamkaribisha ndani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye kiti changu. Aliniambia mumewe alikuwa dereva wa lori na alifariki kabla hawajahamia hapa. Laini ya simu ilikuwa ya huyo marehemu. Watu wamemwambia mara nyingi aende abadilishe isome jina lake mwenyewe, na yeye huwaambia ataenda.

"Sitaki kuenda, Aunty. Mtu yeyote akinitumia kitu, lazima asome hilo jina kwanza. Hata kama hakumjua. Mahali ingine halitokeangi tena."

Namba ya mama yangu hujibiwa na mashine, na bado sijaifuta.

Kisha akaniuliza nilitaka jina la nini, nikamwambia. Nikamweleza habari za gunia, za omena, za mteja. Nilikuwa nimezibeba peke yangu hadi zikawa kama za mtu mwingine. Hakunipa pole. Alikasirika.

"Siku gani hiyo? Ile siku ulikuja na viazi? Aunty, si tulipitana hapo geti, nikakuuliza habari, ukasema uko poa!"

"Nilikuwa nimezoea kusema hivyo."

"Basi wachana na kuzoea," akasema, na akaanza kunihoji kama daktari. Vidonge gani, navimeza saa ngapi, kliniki gani, funguo za ziada naweka wapi. Akafuta unga kwenye leso, akaniandikisha jina lake herufi kwa herufi: Everlyne Nasimiyu. Penye uhusiano simu ilitaka nichague. Kulikuwa na mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu, rafiki, daktari. Jirani haikuwepo. Tuliangaliana kidogo, kila mmoja akiona haya kuamua. Nikabonyeza "nyingine".

"Na wewe?" nikamuuliza. "Umeweka nani?"

Akacheka, akainua kabambe yake. "Hii haina hizo vitu. Mtu akinipata nimeanguka, si ataangalia tu number ya mwisho nilipiga? Sahi wakiangalia, wataita mtu wa makaa."

Tukacheka wote wawili. Halafu akageuka, akazungumza akiangalia mlango.

"Nitakuwa nakuflash asubuhi kabla nitoke. Kila siku. Usishike, ni flash tu, inalia kidogo nakata. Nataka ukuwe wa mwisho."

Nikamwambia sawa. Akasema mandazi yake yanaungua, akaenda.

Nitasema ukweli, kwa sababu hapa ndipo mahali pangu pa kuusema. Alipotoka, nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla hajaingia. Kiti alichokalia kilikuwa na alama ya unga, na mimi, mtu wa kufagia mara mbili kwa siku, sikuipangusa. Nilisikia akifungua redio kwake, nikaisikiliza kupitia ukuta hadi alipoizima. Nilifikiria kwenda kugonga. Nikakosa cha kusingizia. Sikujua ni kiasi gani nimekuwa na njaa ya mtu hadi nilipopewa kidogo. Pia niliogopa. Watu huahidi mambo mengi Jumapili mchana, Jumatatu wakachelewa kazini wakasahau, na hakuna wa kulaumiwa.

Leo asubuhi giza lilikuwa bado halijaisha vizuri. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimevaa kiatu kimoja. Nikasikia mlango wake, kisha kufuli ya geti.

Simu haikulia.

Nikajiambia ni sawa. Nikajiambia mimi ni mtu mzima, mtu ana haraka zake, na hata hivyo jina tayari liko ndani ya simu, ambalo ndilo nililokuwa nalitaka. Nilijiambia yote hayo huku kiatu cha pili kikiwa mkononi.

Halafu kitu kikaanza kupiga muziki wa kinanda pale mezani. Sikujua ni nini. Hakuna aliyekuwa ameipigia simu hii tangu niinunue, na mlio wake nilikuwa siujui. Ulilia kidogo tu, ukakatika. Nilipofika mezani kioo kilikuwa bado kinawaka: Everlyne Nasimiyu. Alikuwa ametoka hadi nje ya geti, labda hadi barabarani, ndipo akakumbuka, au ndipo akapata nafasi ya kuchomoa simu mfukoni. Sijui. Sikumpigia kumuuliza, maana ningekuwa nimeharibu mpango.

Nilivaa kiatu cha pili, nikaenda kazini. Nilipima vitambaa siku nzima na hakuna mteja aliyenikasirisha, hata yule wa kubadilisha mawazo baada ya kukatiwa.

Sasa nazima taa mapema. Kesho najua nitaamka kabla ya alarm, nitakaa karibu na hiyo meza, na mtu akiniuliza, ingawa hakuna wa kuniuliza, nitasema natafuta soksi.