Hewa Safi ya Mkurugenzi

Shoga, mkurugenzi wetu wa hospitali kaumbuka leo mbele ya wafadhili.

Kasimama kifua mbele, eti uchumi unakua na matumizi ya afya yamepanda. Afya, shoga. Kilichopanda ni gharama ya dizeli ya jenereta, ndiyo anayoiita afya.

Mfadhili mmoja akauliza kuhusu hewa ukaa. Akajibu bila haya, "Hapa kwetu hewa ni safi." Safi, na jenereta linanguruma chini ya dirisha la wodi ya wagonjwa wa kifua.

Upepo ukageuka, moshi wote ukaingia ukumbini. Mkurugenzi kakohoa mpaka kaanguka.

Sasa kalazwa wodi ile ile, dirishani. Anambembeleza nesi azime jenereta.

Nesi kamwambia, "Bosi, ndilo linalokupa oksijeni."