Kikombe Kimoja cha Samli

Hodan mjukuu wangu,

Amani ya Mungu ikufikie huko chuoni. Hapa nyumbani Iftin, mama yako hajambo, na mbuzi wamezaa. Umeniuliza kama daktari wako amesema kweli, kwamba kuna miili inayorithi kuhifadhi mafuta upesi kuliko mingine.

Mimi na dada yangu Habiba tulichumbiwa pamoja. Kabla ya harusi, Mama alitunywesha samli kwa kikombe kimoja, ili tunone. Habiba alinawiri, wageni wakamsifu. Mimi nilibaki mwembamba kama fimbo ya mchungaji, na Mama akawa ananisomea dua akihofia nitakufa. Wallahi, wa kuhofiwa sikuwa mimi. Kisukari kilimchukua Habiba mapema.

Hodan, una shingo ya Habiba, hata mwendo wake. Ukiingia mlangoni, moyo wangu hushtuka.

Kila Idd nakutumia mkebe wa nyirinyiri, nyama iliyozama kwenye samli. Jana niliujaza, kisha nikaurudisha kabatini. Mapenzi yangu yote yalikuwa yakikufikia ndani ya samli. Sasa niyatume ndani ya nini?

Ayeeyo, bibi yako