Ubavu Wangu Baada ya Mechi ya Same

Rafiki yangu Mbonea,

Tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni juu yako tu. Leo siwezi. Wewe huko uliko hakuna linaloweza kukupata tena, na mimi ndiye niliyelazwa hospitali ya misheni, naandika kidogo kidogo kwa sababu nimekatazwa kukaa. Hofu ni juu yangu. Naogopa kufa kama ulivyokufa wewe.

Acha nikueleze kwa utaratibu, maana nikianzia kwenye maumivu nitayachanganya mambo.

Tangu tukuzike, chuo chetu cha ualimu hakikucheza tena na wenzetu wa Ugweno. Wakuu wa vyuo viwili walikubaliana hivyo bila kelele. Wao wakaingia ligi ya vyuo vya upande wa Moshi, sisi tukapelekwa kushindana na wa upande wa Tanga. Ule ushindani wetu wa miaka yote, wa kutaniana wao kwa Kigweno na sisi kwa Chasu mpaka refa anakasirika kwa kutoelewa anatukanwa nani, ukaisha. Golini, mahali pako, wakaniweka mimi. Ndiyo, mimi, uliyekuwa ukinicheka kwa kupima kila mto kwa fimbo kabla ya kuvuka, hata mto uliokauka. Walisema nimefundishwa na Mbonea, basi inatosha. Mibuni uliyopanda nyuma ya nyumba imezaa, mama yako na dada yako ndio wanaoichuma. Mama hakukanyaga tena uwanjani.

Mwaka huu sisi tukachukua ubingwa wa huku, wao wakachukua wa kule. Ligi zilipofungwa ikaja habari kwamba mabingwa wawili watakutana Same, mechi moja tu, kugombea kombe lililotolewa na Bwana DC. Chuo kizima kilipiga vigelegele. Mimi chakula kilinishinda. Nilijua Elisante wao bado anacheza.

Elisante hukuwa na neno naye, najua. Ulimpa mkono mwenyewe. Lakini ni goti lake lililokupata, na siku ile naikumbuka kuliko ninavyopenda. Uliruka miguuni pake, ukaukumbatia mpira, goti likaingia chini ya mbavu za kushoto. Ulikaa chini kidogo, ukainuka, ukasema, "Si kitu." Tukapanda mlima pamoja. Kila tuliyekutana naye alikuuliza habari za mpira, nawe ukajibu nzuri, nzuri tu. Mama yako akakuuliza habari za huko, ukamjibu nzuri, ukaomba sahani ya makande. Ndivyo tulivyo sisi. Mtu ana homa ya kumtoa roho, msalimie, atakwambia nzuri kwanza, halafu ndipo aseme "ila." Wewe hiyo ila hukuifikia. Asubuhi hukutoka kitandani, na jua lilipopanda tulikuwa tumekubeba kwenye machela, tumbo lako gumu kama ubao. Hatukufika nawe hospitali.

Basi fikiria nilivyoshuka kwenda Same.

Upepo ulikuwa ule ule wa Same, unakupiga vumbi usoni kama umeukosea. Watu walikuja kutoka milima yote miwili, na wa stesheni waliacha kazi zao. Wamasai walisimama pembeni wakishangaa vijana wanaogombania kitu kimoja kisicholiwa. Wakati wa kuimba na kupiga ngoma mimi nilikuwa nyuma ya lori, natapika. Mwalimu wetu akasema ni jua. Sikumbishia.

Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Cha pili tukapata bao, la kichwa, la halali kabisa, na namshukuru Mungu refa hakulikataa, maana unawajua watu wetu: wangeuza ng'ombe kwa ajili ya rufaa ya bao moja. Baada ya hapo Wagweno walitushambulia bila kupumzika. Nilikuwa naomba dua, Mbonea. Sikuwa naomba tushinde. Nilikuwa naomba mpira usifike.

Ukafika. Beki wetu aliteleza kwenye vumbi na Elisante akabaki peke yake, mimi na yeye. Unakumbuka ulivyonifundisha kuanguka kwenye lundo la maganda ya kahawa, mpaka shati langu likawa halifuliki? Ulikuwa ukisema, "Ukiruka, ruka mzima, Sefania. Nusu ndiyo inayoumiza." Miguu yangu haikutaka. Sijui ilikuwaje, nikaruka mzima.

Na yeye aliniona. Hili nataka ulijue. Aliniona chini akauacha mpira, akaruka ili anivuke, macho yamemtoka, na alikuwa amekwisha kunivuka nusu nilipojiinua kuukumbatia. Akaniangukia. Goti likaingia chini ya mbavu za kushoto.

Nilipofumbua macho alikuwa amepiga magoti kando yangu, midomo imekauka. Akaniuliza, "Umeumia?" Niliutazama uso ule. Tangu ufe wewe, watu wa kwao humwita kwa jina ambalo sitaliandika. Nikamwambia, "Si kitu." Nilimhurumia, na nilikuwa na aibu, na tena ndilo neno linalokuja lenyewe. Refa akapuliza kipenga cha mwisho baadaye kidogo na watu wakanibeba mabegani. Kila waliponirusha juu niliuma meno.

Kwenye lori nilihesabu kila shimo la barabara kuwa adui yangu. Wenzangu waliimba, kombe likapita mkono kwa mkono, nami nikalishika nikacheka. Chini ya mlima tukashuka, tukaanza kupanda kwa miguu. Hapo maumivu yakapanda pamoja nami, yakaniingia begani, bega la kushoto ambalo halikuguswa na mtu. Watu walikuwa wametoka njiani kutulaki. Habari za Same? Nzuri. Habari za ushindi? Nzuri sana. Sefania, u mzima? Mzima kabisa. Nilijisikia nikisema, Mbonea, na sauti ilikuwa kama yako. Nilitaka kunyamaza na sikuweza. Nani anasimamisha furaha ya kijiji kizima kwa ajili ya ubavu?

Njia ile inapita kwenu. Mama yako alikuwa uani anapukuchua mahindi, na sufuria ilikuwa jikoni. Nilitoka kwenye msafara nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri," nikasema. Halafu nikasimama hapo na pumzi imenikatika. "Ila naumwa, mama. Ubavu. Palepale."

Hakupiga kelele. Aliliweka gunzi chini, akaniambia nisipige hatua hata moja. Akawaita wale waimbaji kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akavuta blanketi lake kitandani, akang'oa miti miwili ya uzio kwa mikono yake, na machela ikawa tayari kabla wengine hawajaelewa kuna nini. Akaibeba upande wa mbele njia nzima, hakukubali kupokewa na mtu. Mara moja tu aligeuka, tulipokuwa tunavuka kijito. Akasema, "Yule alinijibu nzuri, nami nikampakulia."

Mbonea, sisi sote tulidhani alikuwa analia kwa sababu umekufa. Kumbe muda wote huu alikuwa anaikumbuka ile sahani.

Daktari amenibonyeza kila mahali. Anasema ni bandama. Anasema sisi tunaoshuka bondeni na kurudi na homa kila mwaka, bandama zetu huvimba, na iliyovimba goti dogo tu huipasua. Yangu hajui kama imepasuka au imechubuka. Nilale, nisikohoe kwa nguvu, nisicheke. Tumbo likianza kuwa gumu atanipasua hapa hapa, maana kunisafirisha kwa treni hadi Moshi kutaniua njiani. Nikamuuliza waliopasuliwa na yeye waliamka wote? Akasema hapana. Nilimpenda kwa kutonidanganya, na nikamchukia pia.

Kwa hiyo nalala na mkono juu ya tumbo, naligusa, naligusa tena. Bado laini. Nadhani bado laini. Nikiligusa sana nakuwa sijui tena laini ni nini. Mama yako amekaa kando ya kitanda na hataki kwenda nyumbani. Kila baada ya muda ananiuliza hali, na nikijibu nzuri ananitazama tu mpaka niseme lingine.

Elisante yuko barazani. Hakupanda treni na wenzake. Alipanda mlima kuniulizia, akaelekezwa huku, na tangu afike hathubutu kuingia. Mama yako alitoka akakaa naye. Sijui walisema nini, niliona migongo yao tu kupitia dirishani.

Nina hamu nawe, rafiki yangu. Tangu uende sina wa kunicheka vizuri. Lakini sitaki kuja. Nasema wazi, usione vibaya: sitaki kuja huko, naogopa, nataka kufundisha darasa la kwanza, nataka kuoa, nataka kuzeeka niwe na kelele.

Nakuahidi hivi. Tumbo hili likianza kukaza nitasema papo hapo, kwa sauti, hata mbele ya wauguzi wote, hata kama nitalia kama mtoto. Mama yako hatasikia kutoka kwangu neno la kumtuliza lisilo la kweli. Na Elisante nitamwita aingie, leo hii, nimwambie ukweli kwamba inauma, na kwamba nilimwona akiruka ili anivuke.

Kwaheri, Mbonea. Usinitengee mahali huko.

Sefania