Usifunue Viazi

Mwende mjukuu wangu,

Huku Masii tuko salama. Mvua imenyesha, na mbuzi wa babu yako amezaa mapacha.

Unauliza mbona viazi vitamu vinatoka vigumu kwenye ule mfuko wa pamba niliokushonea wa kupikia kwa maikrowevu. Wewe nakujua! Unaufungua kila saa uchungulie, na mvuke unatoroka.

Hata mimi nilikuwa hivyo. Nikiwa msichana, wageni walikuja kwetu kuangalia ng'ombe wa baba. Mama akaniachia chungu cha viazi, amekifunika kwa gunia lililoloweshwa maji. "Usifunue!" akasema. Nilifunua mara nne, viazi vikakataa kuiva. Mama alicheka mpaka akashika kiuno, akafunika upya. Wageni ikabidi wangoje. Kijana mmoja akachoka kukaa, akaja jikoni eti kunipasulia kuni.

Huyo kijana ndiye babu yako. Anakusalimu sana.

Kwa hivyo, mama, acha mfuko umefungwa mpaka mashine ilie. Lakini siku ukipata mgeni ambaye hutaki aondoke haraka, wewe chungulia tu.

Ni mimi susu wako, ambaye bado nachungulia.