Nyongeza ya Chumba cha Wawili

Kwako Baba Wanjiru,

Salamu nyingi za upendo kutoka Vienna. Goti lako linaendeleaje? Na kifua je, sasa upepo wa Kitengela unapoanza kubeba vumbi? Sisi hapa tu wazima. Binti yetu amerudi kutoka zamu hospitalini na amelala. Ninaandika jikoni nikiwa nimefunga mlango. Barua hii ataileta muuguzi mwenzake anayekuja nyumbani likizo. Nimechagua kalamu kwa sababu kwenye simu, maneno yakikuelemea, wewe husema, "Mtandao ni mbaya," ukakata.

Ujumbe wako wa mwisho niliusoma. Uliandika, "Ng'ombe yetu imezaa, wacha nisongeshe safari kidogo." Ni ng'ombe wetu amezaa, Baba Wanjiru. Ana uhai, mpe ngeli yake. Nimefurahi kwamba amezaa salama. Lakini hii ni mara ya pili unaahirisha. Mara ya kwanza ilikuwa fundi wa tangi la maji. Tiketi yako ya ndege inakubali kubadilishwa tarehe, nawe unaitumia kama mwanafunzi aliyegundua kwamba mwalimu hakatazi mtu kwenda msalani.

Nilikuja kumlelea Wanjiru mtoto kwa muhula mmoja tu, na mihula ikafuatana. Ninashiba, sioni baridi ndani ya nyumba, na hakuna anayeniudhi. Asubuhi ninampeleka mjukuu wetu chekechea, ninarudi, na nyumba inanyamaza. Hakuna punda wa maji anayelia barabarani. Hakuna mtu wa kumwambia afute viatu mlangoni. Bado ninalala upande wa ukutani, nikikuachia nafasi. Sikukusudia kuliandika hilo, lakini wino haufutiki.

Sasa nikueleze habari ya treni. Unajua kwamba mwanetu Karanja yuko Hamburg, na kwamba mwanawe wa kwanza amepewa jina lako. Mwangi huyo mdogo ameanza kusimama akishika viti. Kuna treni inayoondoka hapa jioni. Unalala ndani yake, ukaamkia huko. Nilikwenda stesheni kukata tiketi zetu za juma litakalofuata tarehe yako mpya ya kufika, Wanjiru akiwa mkalimani, maana Kijerumani changu ni cha sokoni.

Karani alisema kwamba nauli ni kiasi fulani, kisha kuna nyongeza. Nikafurahi. Kwetu nyongeza ni zile nyanya mbili ambazo Mama Naserian hutupia kikapuni akishakupimia, au ni ile ya mishahara ambayo sisi walimu tuligoma tukaikosa. Nikamwambia Wanjiru, "Mshukuru sana."

Wanjiru alicheka hadi akashika meza ya karani. "Mama, hapa nyongeza unalipa wewe!"

Ndivyo ilivyo. Nauli inakupa haki ya kufika, nayo bei ile ndogo ya tangazoni, yenye neno "kuanzia", ni ya kukaa kitini hadi asubuhi. Ukitaka kujinyoosha, unaongeza: kidogo kwa kitanda katika chumba cha watu sita, zaidi kwa chumba cha watu wanne, na zaidi sana kwa chumba cha wawili chenye mlango wake na beseni la kunawia. Nikaagiza vitanda vya chumba cha watu sita, maana ninajua ungesema nini.

Karani akauliza kama ningependa chumba cha wanawake. Nikasema ndiyo, kwa heshima.

"Na mzee?"

"Mtafutie mahali penye wanaume wenye adabu."

Akaandika. Kisha akauliza, "Kwani mnasafiri pamoja?"

Nikasema, "Wanjiru, mwambie hatujasafiri pamoja tangu nije huku, na sasa nilikuwa karibu kulipa ili tulale mabehewa mawili."

"Mama, niseme yote hayo?"

"Yote. Na usiruke viunganishi."

Karani alinitazama juu ya miwani yake, akafuta alichoandika. Nimelipa nyongeza ya chumba cha wawili. Kitanda cha chini ni chako, kwa sababu ya goti.

Likabaki jambo moja. Nauli zenyewe ni za aina mbili: ipo ghali, ambayo ukiahirisha unarudishiwa fedha, na ipo rahisi, ambayo usipotokea imekwenda. Karani alipopata habari za ndege yako, alishauri ile ghali. Wanjiru naye akasema, "Mama, si unamjua Baba?"

Ninamjua. Nikachukua isiyorudishwa.

Kwa hiyo ukisongesha safari tena, treni haitasongeshwa. Nitapanda peke yangu, nilale kitanda cha juu, chako cha chini kikiwa kitupu, na asubuhi nimkabidhi Mwangi mdogo jina lisilo na mwenyewe. Tafadhali usinifanyie hivyo.

Msalimie mdogo wako wa Kajiado, umwambie ng'ombe na ndama ni wake kuwatunza hadi urudi. Msalimie Mama Naserian na mumewe, jirani zetu wema, na wazee wenzako wa kanisa wanaonikumbuka katika maombi.

Lete sweta nzito na majani ya chai ya nyumbani. Sababu ziache huko.

Mkeo anayekungoja,
Mama Wanjiru