Sentensi ya Tano ya Mama

Chumba Na. 4,
Juu ya Duka la Vitambaa,
9 Machi.

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Sisi hatujambo, ukiacha macho ya Mama na cherehani yangu inayokata uzi kama ina kisirani.

Mama bado anasoma Kiingereza, darasa la watu wazima, kila Jumanne jioni. Anataka kuongea na wajukuu wake bila wewe kukaa katikati kama mkalimani. Herufi zake ni kubwa kama mayai, sentensi moja inakula nusu ukurasa, lakini hakosi kipindi.

Majuzi walifundishwa “put off”. Mwalimu alieleza kuwa ni kuahirisha, kusogeza mbele, kupiga kalenda. Ukiandikia ofisi, tumia “postpone”. Ukiongea na mtu wako, “put off” yatosha. Kisha akataka sentensi tano za kweli, zisizotoka kitabuni.

Jana daftari lilirudi limesahihishwa, nikalisoma. Nakutafsiria. Mwanangu aliahirisha safari mwezi wa nne. Aliahirisha tena mwezi wa nane. Akaahirisha mwezi wa kwanza. Mimi sikulaumu, kaka, kazi ni kazi. Ya nne ilihusu mvua na nguo za kufua.

Ya tano: Nimeahirisha operesheni ya jicho mpaka nimwone mwanangu kwanza.

Sisi alituambia ni hospitali iliyosogeza tarehe. Nilipomuuliza hakukana. “Daktari naye ni binadamu, mkono huteleza,” alisema. “Likiharibika, wewe nimekuona kila siku. Yeye je?” Nilikasirika, kaka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

La kushoto limeshazimika. Daktari anasema la kulia likipita mwezi ujao bila operesheni, nalo litazimika. Nimemchukulia nafasi tarehe kumi na mbili ya mwezi huo. Njoo kabla ya hapo, au mpigie simu umwambie kwa kinywa chako asikungoje. Lolote kati ya hayo nitalipokea. Usiniandikie tu kwamba utaangalia.

Msalimie wifi, na yule mdogo wenu Bwana Mapengo. Fundi redio wa chini anakusalimu. Mungu akufungulie njia.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba

N.B. Nilisahau: Mama alipata tano kwa tano. Pembeni ya ile ya mwisho mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu, “Haina kosa.”