Dawa Niliyokueleza Vibaya

Baba yangu uliyelala Mandawa,

Nimechoka, baba. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka mbuyu. Nimetoka kufundisha vipindi vinne vya baiolojia hapa Nachingwea, cha mwisho kikiwa cha kinga ya mwili, na kila nikifika kwenye seli nyeupe nageukia ubao nijifute macho. Wanafunzi wanadhani ni vumbi la chaki.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipulizia mikorosho? Wewe mbele, mashine mgongoni na kitambaa puani, mimi nyuma na mfuko wa salfa, umande haujakauka. Tukirudi, mama hakuturuhusu kugusa chochote mpaka tuoge. Ulinifundisha kuyaangalia maua: ubwiriunga, ule ukungu mweupe, ukipungua, salfa ni nzuri; ukizidi baada ya mapulizo mawili, umeuziwa feki, acha, usijichoshe. Hukuwa na masihara kwenye hilo. Mwaka mmoja uliifunga mifuko kwenye baiskeli ukairudisha mpaka Ruangwa mjini, na mwenye duka akakubadilishia ili tu unyamaze.

Ulipoambiwa una saratani ya damu, uliniuliza mimi, msomi wa nyumba. Tulikuwa kwenye benchi la hospitali ile ya mbali, umeipakata kofia yako. Daktari alikuwa ameanza kutueleza habari ya sindano za siku saba kila mwezi, mara akaitwa kwa mgonjwa mwingine.

"Mama," ukaniambia, "hii dawa inafanyaje kazi?"

Nilikuwa nimekaa kwenye basi kutwa nzima, njaa inaniuma, nataka uelewe upesi tukalale. Nikajibu, "Ni kama salfa, baba. Inaua ugonjwa."

Ukatabasamu. "Basi. Salfa naijua."

Ni kweli uliijua. Mwezi wa kwanza ukadhoofika. Wa pili damu ikashuka zaidi, ukaongezewa. Tuliporudi nyumbani ukaniita pale mkekani ukasema, "Mapulizo mawili haya, mama, na ugonjwa unazidi. Hii feki. Tusisumbuane." Nilibisha kidogo. Kidogo tu, Mungu anisamehe. Zile safari zilikuwa zimenimaliza, na maneno yako niliyaona yana mantiki, maana mantiki yenyewe nilikupa mimi. Ukafariki korosho zinaanza kudondoka.

Nilipokwenda kufuata karatasi zako, daktari yule alinikalisha. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasema dawa ile haifanyi kazi kwa kuua tu. Seli ya saratani hujificha. Ndani yake kuna vinasaba vya kutengeneza alama zinazowafanya askari wa mwili, zile seli nyeupe, waitambue, lakini vimezimwa. Havijaharibika, vimezimwa tu. Dawa huviwasha tena, polepole, alama zikatokea, na askari wakapata pa kuanzia. Huchukua miezi minne, mitano, hata sita, na mwanzoni damu hushuka kwanza. "Wapo inaowasaidia na wapo isiowasaidia," akasema. "Baba yako hatukufika mahali pa kujua."

Kwenye basi la kurudi ndipo nilipoikumbuka siku niliyotolewa unyagoni. Tulikaa wanawali sita, tumefunikwa kanga gubigubi, ukaja na zawadi yako ukamtunza binti wa jirani ukidhani ni mimi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi alipoinua kanga yangu, ndipo ukanijua. Baba, hicho ndicho nilichopaswa kukueleza pale kwenye benchi. Askari wako wa mwili walikuwa wakipita mbele ya ugonjwa uliojifunika, na ile sindano ilikuwa mkono wa kufunua. Ungeelewa, na pengine ungevumilia mwezi wa tatu. Kama ungepona sijui, na kutojua huko ndiko kunakonichosha kuliko msiba wenyewe.

Sasa nikuambie baya zaidi. Kwenye hitima yako kaka Saidi alisema mbele za watu, "Mzee alikuwa mbishi. Dawa ipo, akaikataa." Wazee wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nagawa ubwabwa, nikaendelea kugawa. Mama alinyanyuka akaenda zake jikoni, nikadhani ni uchungu wa kawaida wa mjane. Tangu hapo nyumba nzima inakuita mbishi, hata wajukuu, na mimi nimenyamaza miaka miwili kwa kuogopa kuitwa mjinga aliyesoma.

Jumamosi nilikwenda Mandawa. Mama alikuwa anapeta ufuta. Nikakaa chini nikamweleza yote, habari ya salfa, mapulizo mawili, na jinsi nilivyobisha kidogo. Ungo ukasimama.

"Kwa hiyo alidhani dawa ni mbovu?"

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyemfanya adhani hivyo."

"Siyo kwamba alituchoka?"

Sikumwelewa mara moja. Akauweka ungo chini, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Mimi nilijua amechagua kwenda. Nikajiuliza nimemfanya nini huyu mtu, miaka yote ile, hata akatae dawa aniache. Sikumuuliza mtu. Nimemwombea dua kila siku, mwanangu, lakini na hasira moyoni."

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Kwa hili nikalia tu. Yeye hakulia. Alichukua kopo la maji akaenda nyuma ya nyumba kutawadha, na adhuhuri ilikuwa bado haijaingia.

Ipokee dua aliyokuombea mama siku hiyo, baba. Kwa Saidi nitakwenda Ijumaa, nimweleze na yeye.

Bintiyo wa Nachingwea